Basi la usiku na maswali ya tabia: nani wa kumwachia mzigo?

Basi la usiku kutoka Kampala kwenda Nairobi likishaiacha Jinja nyuma, taa za ndani huzimwa na abiria huanza kujuana. Mpaka hapo kila mmoja alikuwa na mkoba mapajani na simu mkononi. Sasa mama wa vitenge anamuuliza jirani yake anashukia wapi. Kijana wa vipuri vya pikipiki anadakia kutoka kiti cha nyuma. Mzee mmoja anatoa ushauri ambao hakuombwa. Muda si mrefu kikao kimekamilika katika viti sita: bei ya mchele, shilingi ya Kenya inavyobadilishwa leo, nani alizuiliwa mzigo na kwa kosa gani.

Saa tatu zilizopita watu hawa hawakuwa wakifahamiana hata kwa sura. Kabla ya kufika Busia, baadhi yao watakuwa wameshaamua mambo mazito: nani ataangalia mkoba wakati mwenzake amekwenda kugonga muhuri, nani wa kuchangia naye gari la mzigo, nani apewe namba ya simu, nani aepukwe. Hakuna karatasi inayoandikwa. Mtu anasikilizwa anavyoongea na wenzake, kisha anapangwa: huyu mkweli, huyu domo tu, huyu mkimya haeleweki, huyu ana hasira za karibu.

Upangaji huo una ukweli kiasi gani? Kwa mfanyabiashara wa mpakani hilo si swali la kupitishia muda. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa bidhaa zinazokubalika, wenye thamani isiyozidi dola 2,000, huvuka kwa cheti rahisi cha uasili. Kwa wengi wanaopanda basi hilo, dola 2,000 ni mtaji mzima, tena pengine nusu yake ni ya kikundi. Ukimkosea mtu mmoja kwenye kiti cha jirani, umerudi nyumbani mikono mitupu.

Kuwapanga watu kwa tabia ni kazi ya kale. Waganga wa Ugiriki, na baada yao Galen katika dola ya Rumi, walifundisha kwamba mwili una vimiminika vinne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Damu ikizidi mtu ni mchangamfu. Kohozi likizidi ni mtulivu na mzito. Nyongo ya manjano humpa ukali, nyeusi humpa huzuni. Elimu hiyo ilipokelewa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu. Neno lenyewe tunalolitumia, tabia, tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina maana ya maumbile ambayo mtu amezaliwa nayo.

Lakini ulimwengu huohuo ulikuwa na kipimo kingine, na hiki wasafiri wangekipenda zaidi. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimsifia mwenzake mbele ya Khalifa Umar. Umar akamuuliza kama aliwahi kuwa jirani yake, kama aliwahi kusafiri naye, kama aliwahi kufanya naye shughuli ya fedha. Majibu yote yalikuwa hapana. Umar akamwambia kwamba basi hamjui huyo mtu. Mfanyabiashara wa Mutukula au Namanga hahitaji kufafanuliwa kisa hicho. Wanaosafiri pamoja wametimiza sharti moja kati ya matatu, na la fedha bado.

Elimu ya sasa ilianza upya mwaka 1921, pale Carl Jung, tabibu wa nafsi wa Uswisi, alipochapisha kitabu chake kuhusu aina za watu. Yeye ndiye aliyeeneza mgawanyo wa watu wanaoelekea nje, ambao hupata nguvu wakiwa na wenzao, na wanaoelekea ndani, ambao mazungumzo marefu huwachosha. Marekani, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers wakayachukua mawazo hayo na kutengeneza dodoso linalompa kila mtu herufi nne, moja kati ya aina 16. Hakuna kati yao aliyesomea saikolojia. Isabel alikuwa amewahi kuandika riwaya ya upelelezi. Hata hivyo dodoso lao limeingia katika maofisi duniani kote, na siku hizi vijana wa Nairobi na Kigali hutambulishana kwa herufi hizo kama zamani watu walivyotambulishana kwa kabila.

Tatizo ni kwamba wengi wakilijaza tena baada ya wiki chache, hupata aina tofauti na ile ya kwanza. Watafiti wengi wa saikolojia hawalitegemei. Wao hupendelea kupima mambo matano, kila moja kwa kiwango, bila kumfungia mtu kwenye sanduku: uwazi kwa mambo mapya, umakini wa kazi, uchangamfu, upole kwa watu, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi.

Kuna jaribio moja ambalo kila mwenye kupita stendi kuu angepaswa kulijua. Mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yake. Aliwaomba watoe alama, kutoka sifuri hadi tano, jinsi maelezo yalivyowagusa. Wastani ulizidi nne. Ndipo alipowafichulia kwamba wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale, na mengi aliyachota katika kitabu cha unajimu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1949.

Matapeli hawakumsubiri Forer. Anayekaa pembeni yako na kukwambia kwamba wewe ni mtu wa watu ila unaowasaidia hawakumbuki fadhila, kwamba unaonekana una nguvu lakini usiku unawaza, hajakusoma. Amesema maneno ambayo abiria wote 60 wangeitikia kwa kichwa. Akishaona umeitikia, ndipo anataja biashara yake.

Na mtego wa pili umo ndani ya kikao chenyewe. Mwaka 2009, Cameron Anderson na Gavin Kilduff wa chuo kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa makundi ya watu wanne wanne wasiojuana, waliopewa maswali ya hesabu kuyatatua pamoja. Waliojitokeza kuongea kwa uhakika walionekana na wenzao kuwa ndio wajuzi. Walipopimwa, hawakuwa wajuzi kuliko wengine. Mara nyingi sana kundi lilikubali jibu la kwanza kutamkwa, kwa sababu tu lilikuwa la kwanza.

Kwenye basi jibu la kwanza hutoka kwa yuleyule anayejua kila kituo cha polisi barabarani. Huenda kweli anajua. Kinachothibitishwa na sauti yake ni uchangamfu tu, na uchangamfu ndio tabia inayoonekana upesi kuliko zote. Umakini wa kazi, yaani kutimiza ahadi, kuhesabu mara mbili, kurudisha chenji, hauna sauti. Na katika tafiti za kazi mbalimbali zilizokusanywa na Murray Barrick na Michael Mount mwaka 1991, huo umakini ndio uliohusiana na utendaji mzuri katika kila kundi la kazi walilolitazama. Tabia yenye faida zaidi kwa mshirika wa biashara ni ileile isiyosikika gizani.

Hata katika kuuza, maneno mengi si hoja. Adam Grant, mtafiti wa Marekani, aliwafuatilia wauzaji 340 wa kampuni ya mauzo kwa simu. Waliopata mapato makubwa zaidi, kwa mujibu wa matokeo aliyoyatoa mwaka 2013, walikuwa wale wa katikati, wenye kujua kuongea na wenye kujua kunyamaza. Mama ntilie wa stendi angeweza kumwambia hivyo bila malipo.

Sasa katika ukanda huu kuna jambo ambalo madodoso ya Marekani hayakulifikiria: lugha. Anayeonekana mkimya katika basi la Kiswahili anaweza kuwa msemaji mkuu kwao akiongea Kirundi au Kinyarwanda. Uganda, kwa miaka mingi, Kiswahili kilihusishwa na askari na bunduki. Wapo watu wazima wanaokielewa vizuri lakini hawakitamki, na jirani yao Mtanzania anadhani wananuna. Mtanzania naye huanza na salamu ndefu, habari za nyumbani, za watoto, za safari, na Mkenya mwenye haraka anahisi anazungushwa. Mkenya akitaja bei moja kwa moja bila hata shikamoo, yule wa Tanga anaona amekutana na mkorofi. Mkongo wa Bukavu ana Kiswahili chake, wakamcheka, akanyamaza. Hapo watu wanne wamepangwa katika aina nne za tabia, na kumbe kilichopimwa ni mahali walikozaliwa.

Kwamba vipimo vya tabia hubadilika na mazingira si dhana ya wapiga porojo. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu wazima 632 wa jamii ya Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia. Mambo matano ya vitabuni hayakujitokeza sawasawa. Yaliyojitokeza yalielekea kuwa mawili: wema wa mtu kwa wenzake, na uchapakazi wake. Wauza dagaa wa Kirumba, Mwanza, wangeyakubali hayo mawili bila mjadala.

Miaka mingi kabla yake, mwaka 1968, Walter Mischel alikuwa ameshawatibua wenzake kwa kitabu kilichodai kwamba mahali na hali aliyomo mtu vina nguvu kubwa juu ya anachokitenda, na kwamba tabia ya leo hapa haitabiri vizuri tabia ya kesho kule. Mjadala huo ulidumu miongo. Kwa msafiri maana yake ni nyepesi: mtu mwaminifu katika kugawana karanga si lazima awe mwaminifu katika kugawana faida. Mkopeshe kidogo kwanza.

Basi watu wanyamaze, kila mmoja aangalie dirisha lake? Hapana, na hapa utafiti uko upande wa wasemaji. Nicholas Epley na Juliana Schroeder walifanya majaribio kwa wasafiri wa treni na mabasi huko Chicago, wakayachapisha mwaka 2014. Watu walitabiri kwamba kuongea na mgeni kungewaharibia safari. Walioombwa kuongea ndio waliosema wamefurahia zaidi ya waliokaa peke yao. Kwa mfanyabiashara furaha ni nyongeza tu; faida yenyewe ni habari. Nyaraka iliyobadilika, daraja lililofungwa, soko lililojaa nyanya, hayo husikika kwenye viti kabla hayajatangazwa popote.

Na yapo mambo ya tabia yanayoweza kufundishwa watu wakiwa pamoja. Huko Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja halikufundishwa kitu. La pili lilipewa mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko. La tatu lilifundishwa kujituma: kuanza jambo kabla ya kuambiwa, kutafuta la tofauti na la jirani, kutokata tamaa mlango wa kwanza ukifungwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Faida ya kundi la kujituma iliongezeka kwa asilimia 30 ikilinganishwa na wasiofundishwa. La mafunzo ya kawaida lilipata ongezeko la asilimia 11, dogo kiasi kwamba kitakwimu halikuweza kutofautishwa na bahati. Aliyezaliwa mpole wa kujitokeza, kumbe, hajafungiwa humo.

Vikundi vya akiba vya vijijini, ambavyo mtindo wake ulianzia Niger mwaka 1991, vililitatua swali la nani wa kuaminiwa kwa njia nyingine kabisa. Sanduku la fedha lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na wala mweka hazina si mmoja wao. Fedha huhesabiwa mbele ya wote kwa sauti. Mchangamfu, mkimya na mwenye hasira wote wanaingia, na hakuna anayelazimika kukisia moyo wa mwenzake. Washirika wawili wanaochangia gari la mzigo wanaweza kufanya vivyo hivyo: orodha ya magunia iandikwe mara mbili, kila mmoja abaki na nakala, malipo yapite kwenye simu ili yaache alama. Rafiki wa kweli hachukii kuandikwa.

Usiku wa manane basi linafika Busia. Siku hizi abiria hushuka mara moja tu, upande wa nchi wanayoingia, maana maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Yule kijana wa vipuri, aliyeongea tangu Jinja, ndiye anayewaelekeza wazee dirisha la kuanzia na kuwajazia fomu. Mwanamume wa dirishani, ambaye hajatamka neno njia nzima, amesimama kando ya buti la basi akihesabu marobota ya vitenge yanavyoteremshwa, ingawa hakuna lake hata moja, na anamwambia utingo kwamba limebaki la saba.

Mama mwenye mzigo anawashukuru wote wawili. Anachukua namba ya kila mmoja. Mkoba wa fedha anaupachika begani mwenyewe, anaingia nao foleni.