Kuchagua Lugha ya Kifanksheni kwa Kazi ya Tovuti

Katika Hisabati, ikiwa f(x) = x + 3, basi f(2) ni 5 leo na kesho. Lugha za programu za kifanksheni hufuata wazo hilo: data ileile hutoa jibu lilelile, na thamani ikishawekwa haibadilishwi. Kwa hiyo kosa hutafutwa kwa urahisi zaidi.

Kabla ya kuchagua, jiulize: programu itaendeshwa wapi?

(a) Kwenye kivinjari. Elm, iliyobuniwa na Evan Czaplicki mwaka 2012, hugeuzwa kuwa JavaScript, ambayo vivinjari huielewa. Makosa mengi hugunduliwa kabla ya ukurasa kumfikia mtumiaji.

(b) Kwenye seva. Elixir, iliyoanzishwa na José Valim wa Brazili, huendeshwa juu ya mfumo wa Erlang. Erlang ilibuniwa katika kampuni ya Ericsson, Uswidi, miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu: simu moja ikikatika, nyingine ziendelee. Seva za WhatsApp zilijengwa kwa Erlang.

Mfano: Siku ya matokeo ya mtihani, maelfu hufungua tovuti moja kwa pamoja. Mzigo uko kwenye seva, hivyo Elixir inafaa: kila ombi hushughulikiwa peke yake, na moja likikwama haliangushi mengine.

Kasoro: Wanaozijua lugha hizi ni wachache kuliko wanaojua JavaScript. Fikiria nani ataitunza tovuti baadaye.

Zingatia: Kutaja jina la lugha tu hakutoshi. Eleza kazi, mahali itakapoendeshwa, kisha sababu.