Mkuu wa shule na binti asiyemtaka

Wengi wetu huangalia novela jioni, hata wale ambao siku ya Mungu, mbele ya mchungaji, hawakubali jambo hilo. Novela za Mexico na Brazili huanza, hutushika miezi michache, kisha arusi inafungwa na hadithi inakwisha. Iko aina nyingine isiyokwisha. Huko Australia, tarehe 17 Januari 1988, televisheni ya Seven ilianza kuonyesha mchezo unaoitwa Home and Away, na mpaka leo ungali unaendelea. Nataka kueleza habari za mtu mmoja tu wa mchezo huo, mkuu wa shule, kwa sababu hadithi yake inagusa kazi ambayo makanisa yetu yanafanya kila siku.

Anaitwa Donald Fisher. Mwigizaji Norman Coburn alimwigiza tangu mwanzo mpaka mwaka 2003, yaani miaka 15. Shule yake iko Summer Bay, mji mdogo wa pwani ambao hutauona kwenye ramani kwa kuwa ni wa kubuni. Picha za ufukweni hupigwa Palm Beach, kaskazini ya Sydney. Fisher ni mtu mkali, wa sheria na utaratibu. Wanafunzi walimpa jina Flathead, jina la samaki wa kule mwenye kichwa bapa. Na Fisher maana yake ni mvuvi, hivi utani wao ulikuwa mtamu mara mbili. Wanafunzi wetu nao wanaijua kazi hiyo: ni prefe gani asiye na jina la pili huko nyuma ya darasa?

Sasa yuko msichana, Bobby Simpson. Mchezo unapoanza, ametoka mahali pa kufungia watoto wakosaji. Ugomvi wake na Fisher unajulikana na kila mtu. Wanaompokea ni Tom na Pippa Fletcher, mume na mke wanaolea watoto wasio wao. Kwa mkuu wa shule, Bobby ni mfano wa yale yote ambayo shule inapaswa kuyaondoa.

Kisha siri inatoka. Bobby ni binti wa Fisher. Alimzaa nje ya ndoa na Morag, mwanamke ambaye kazi yake ni jaji, na mtoto akalelewa na watu wengine. Angalieni namna waandishi walivyopanga mambo. Baba ni mkuu wa shule, mama ni jaji. Watu wawili waliopewa kazi ya kuamua nani amekosa ndio waliomleta duniani mtoto ambaye mji unamwita mbaya.

Msomaji wa Biblia atakumbuka Mwanzo 38. Yuda anaambiwa kwamba Tamari, mjane wa mwanawe, ana mimba. Hukumu inatoka palepale, bila swali hata moja: atolewe nje, achomwe moto. Tamari habishani. Anatuma muhuri, kamba na fimbo, na ujumbe kwamba mwenye vitu hivyo ndiye mwenye mimba. Yuda anavitambua, anakiri kwamba mwanamke huyu ana haki kuliko yeye. Wahubiri wengi huiruka sura hii, au huisoma kama aibu ya Tamari. Mimi naisoma kama sura juu ya hakimu. Sheria Yuda aliijua. Kwamba yeye mwenyewe yumo ndani ya kesi, hilo hakulijua.

Fisher hakugeuka mtu mpya siku siri ilipotoka. Ingekuwa filamu ya saa mbili, baba na binti wangekumbatiana na muziki ungepigwa. Mchezo wa miaka mingi hauwezi kufanya hivyo, maana kesho jioni watu walewale lazima warudi na tabia zao zilezile. Baba na binti walikaribiana polepole. Fisher alimzika Alan, mwana wake aliyekufa kijana. Mwaka 1993 Bobby naye alikufa katika ajali ya mashua. Baadaye akampoteza mtoto mdogo, Byron, aliyezaa na mke wake Marilyn. (Misiba imezidi kipimo, nakubali, ndivyo waandishi wa michezo hii wanavyofanya.) Ukali wake ulibaki, lakini watazamaji walikuwa wamekwisha kujua unafunika nini. Yuda pia hakumaliza safari katika sura ya 38. Ilihitaji njaa kuu na safari za Misri mpaka afike sura ya 44, anapojitoa awe mtumwa mahali pa Benyamini.

Makanisa ya Kiprotestanti yanasimamia shule nyingi katika nchi yetu, kwa mapatano yaliyotiwa sahihi na Serikali mwaka 1977. Mbele ya meza ya prefe wanafika kina Bobby wa kwetu: kijana aliyetoka katika kikundi cha silaha, mtoto wa kambi asiye na karatasi hata moja ya shule aliyosoma, msichana mwenye mimba. Kina Tom na Pippa tunao pia, tena wengi. Mama mjane ana watoto wake watano na ameongeza watatu wa jirani aliyekimbia vita.

Sisemi kila mtoto apokewe bila masharti. Darasa lililojaa haliendeshwi kwa huruma peke yake, na wazazi wa watoto wengine wana haki ya kuogopa. Lakini Yuda hakuuliza mimba ni ya nani, na katika mabaraza yetu ya nidhamu swali hilo mara nyingi haliulizwi. Msichana anafukuzwa; mwanamume aliyempa mimba, ambaye pengine ni mwalimu, kesho asubuhi anashika chaki.

Katika komite nyingi za shule zetu anakaa mchungaji au mzee wa kanisa. Anaweza kuomba mambo matatu yaandikwe katika ripoti kabla ya sahihi: mtoto huyu anaishi kwa nani, nani mwingine anahusika na kosa lake, na kama kuna mtu mezani hapo mwenye undugu au deni katika kesi hiyo. Asiposema yeye, prefe hatalianzisha.