Ramani za Viwanja Hueleza Mji Unakoelekea

 Leo hatuzungumzii mbegu wala mbolea, bali ardhi yenyewe. Mji hauji kwa ghafla. Mara nyingi hutanguliwa na karatasi, na karatasi hizo zasomeka.

Tazama Kariakoo, Dar es Salaam. Penye maduka ya ghorofa leo palikuwa shamba la Mzungu aitwaye Schoeller. Mwaka 1914 serikali ya Wajerumani ililinunua ili Waafrika wapate mahali pa kukaa. Vita ikaingia, Waingereza wakaweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Ndiyo asili ya jina Kariakoo. Baada ya vita nyumba zikajaa.

Je, tutajuaje mji ulipanuka lini na wapi? Eneo likipimwa, huchorwa ramani yenye namba za viwanja, kitalu, mipaka na tarehe. Kiwanja kikigawanywa, vipande hupewa namba mpya. Kusanya ramani hizo, zipange kwa miaka, kisha paka kila miaka kumi rangi yake. Utauona mji ukitembea kwenda mashambani.

Lakini ramani hazisemi yote. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilijengwa bila kupimwa. Huko ramani ziko kimya. Tena Kariakoo sasa inakua kwenda juu: kiwanja ni kilekile, ila nyumba ya vyumba sita imebomolewa, ghorofa limesimama. Hapo tazama vibali vya ujenzi.

Sasa wewe unayelima kandokando ya mji, kabla hujauza hata nusu eka, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri yako. Uliza: Je, eneo letu limetangazwa kuwa la mipango miji? Mashamba ya jirani yamekatwa viwanja, na mwaka gani? Langu limeandikwa kwa jina la nani? Maana eka uliyouza kwa bei ya shamba la mihogo, mwenzio ataikata viwanja na kuuza kimoja kimoja.

Kama uko kwenye ardhi ya kijiji, omba hati ya hakimiliki ya kimila. Ardhi ikitwaliwa, Sheria ya Ardhi ya 1999 yataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Nayo hudaiwa vizuri na mwenye maandishi mkononi.

Dalili ya mvua ni mawingu, ndugu mkulima.