Uzi wa kioo unaolinda bomba la Hoima–Tanga

Mei 2015 mafuta yalivuja kutoka bomba la Mombasa–Nairobi na kuingia Mto Thange, kaunti ya Makueni nchini Kenya. Maji ya kunyweshea mifugo na kumwagilia mashamba yakachafuka. Bomba likiwa limefukiwa, uvujaji mdogo hauonekani hadi udongo ulowe au mto ubadilike rangi.

Uganda na Tanzania zinataka kuwahi kabla ya hapo. Sambamba na Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki (EACOP), lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, hufukiwa mkongo wenye nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Kazi yake si mawasiliano tu; uzi wenyewe ni kipimo.

Mtambo hurusha mwanga wa leza ndani ya uzi, na sehemu ndogo ya mwanga huo hurudi. Muda wa kurudi huonyesha mahali. Namna mwanga ulivyobadilika huonyesha joto la hapo. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, hivyo husafirishwa yakiwa na joto la nyuzi 50 za Selsiasi au zaidi ili yasigande. Yakivuja, yanapasha joto udongo, na uzi unahisi. Jembe likichimba karibu, mtikisiko wake pia husikika.

Njia iliyozoeleka ni kulinganisha mafuta yanayoingia na yanayotoka. Lakini kwa bomba linalobeba mapipa 200,000 kwa siku, tofauti ya asilimia moja ni mapipa 2,000. Uvujaji wa polepole unaweza kujificha humo.

Hatari haina mpaka. Bomba linavuka Mto Kagera, unaomwaga maji yake Ziwa Victoria. Uvujaji wa Missenyi utawahusu pia wavuvi wa Uganda na Kenya.

Hata hivyo, kengele italia katika chumba cha udhibiti, si kijijini. Mwenyekiti wa kijiji Missenyi na mwenzake wa LC1 huko Kyotera wanapaswa kujua mapema nani atawapigia simu, na baada ya dakika ngapi, ili wazuie watu kuchota maji. Mkongo hauzibi tundu; hupunguza muda wa kutojua. Taarifa ikiishia ofisini, mkulima atabaki kutegemea pua yake.