Mchanga wa Vilima vya Irangi

Kijiji cha Kolo kipo katika vilima vya Irangi, wilayani Kondoa. Zamani miti mingi ilikatwa huko, na mifugo ilimaliza majani. Mvua iliponyesha, maji yalichimba makorongo na kuchukua udongo. Yalipofika bondeni, mwendo wake ulipungua, nayo yakauacha mchanga juu ya mashamba.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Jambo hilo lilikuwa zito kwa wafugaji, kwani walikosa maziwa na samadi. Lakini majani na miti viliota tena, na mizizi ikaushika udongo.

Jaribio: Mwaga maji juu ya udongo mtupu, kisha juu ya udongo wenye majani. Maji yapi yamechukua udongo mwingi zaidi? Kwa nini?