Mbwa Amemeza Mfupa: Msikimbilie Kutia Mkono Mdomoni

Katika vihamba vyetu, kuanzia Machame hadi Rombo, sikukuu haipiti bila mbuzi kuchinjwa, na mbuzi hachinjwi bila mbwa kukaa pembeni akisubiri. Mwezi wa Desemba, ndugu zetu wanaofanya kazi mijini wanapopanda mlima kuja nyumbani, mifupa huwa mingi kuliko siku zote: ya supu, ya nyama choma, ya kuku wa wageni. Watoto humtupia mbwa, naye hudaka na kumeza kabla hata haujagusa chini.

Huenda mnajiuliza, ndugu wasomaji, kwa nini sisi wauguzi wa binadamu tunaandika habari za mbwa. Ni kwa sababu mbwa tunakutana naye kupitia mikono ya wenyewe. Mtu anakuja na kidole kilichotobolewa na meno, na ukimwuliza anajibu kwamba alikuwa anamsaidia mbwa wake aliyekwamwa na mfupa. Jibu hilo linatutia wasiwasi kuliko kidonda chenyewe, na mbele tutaeleza sababu.

Tuanze na mfupa. Wengi husema mbwa ameumbwa kula mifupa, na wana sehemu ya ukweli. Lakini mfupa mbichi una majimaji na unalainika kiasi unapotafunwa. Ukipikwa au kuchomwa unakauka, na ukikauka hauvunjiki kwa kusagika bali unapasuka vipande virefu vyenye ncha kama vijiti vilivyochongwa. Mifupa ya miguu na mapaja ya kuku ndiyo mibaya zaidi kwa sababu ina uwazi ndani na ni myembamba. Mbavu za mbuzi nazo si salama. Mfupa mbichi pia huweza kuvunja meno au kuziba utumbo, kwa hiyo msielewe kwamba tunausifu.

Vipande hivyo vina mahali pengi pa kukwama. Kimoja hukaa kati ya meno ya juu, kikalala kwenye kaakaa, na mbwa akajikuna mdomo kwa miguu ya mbele. Kingine hushika kooni au kwenye umio, ile njia ya chakula inayopita kifuani. Kilichofika tumboni huwa na nafasi nzuri zaidi, kwani tindikali ya tumbo la mbwa huyeyusha mfupa polepole, na mbwa wengi hupona bila dawa yoyote. Hatari kubwa ni kipande kinachotoboa tumbo au utumbo. Uchafu humwagikia ndani, na mnyama huweza kufa kwa muda mfupi.

Basi mkimwona mbwa wenu amemeza mfupa uliopikwa, na yuko mzima, anapumua vizuri na anatikisa mkia, ondoeni mifupa iliyobaki na mwacheni atulie. Msimtapishe. Mfupa ulioshuka bila kuumiza waweza kuumiza unaporudi juu. Maji ya chumvi anayonyweshwa ili atapike ni sumu kwake yakizidi. Mafuta ya kupikia yanayomiminwa kwa nguvu kinywani huingia kwenye mapafu kwa urahisi. Dawa zetu za maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, zinaharibu tumbo na figo za mbwa, kwa hiyo ziacheni kabatini. Mpeni maji safi, na mpigieni simu ofisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo mjini mapema, hata kama hamwoni shida. Yeye ndiye atakayewaambia kama kumpa ugali laini au wali kidogo kunafaa kwa mbwa huyo.

Kwa siku tatu hivi mchungulieni. Choo chake kikiwa kigumu na cheupe kama chokaa, ni mfupa uliosagika, na akijikamua sana bila kutoa kitu anahitaji msaada. Akitapika mara kwa mara, akikataa chakula, tumbo likivimba au likawa gumu, akalia mnapomgusa, au mkaona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, msingoje kesho. Hapo ni kazi ya daktari wa mifugo, pengine na kisu.

Kinyesi chenye mfupa kikionekana kimening'inia nyuma ya mbwa, msikivute. Mnaweza kuchana utumbo.

Sasa tuje kwenye lile lililotufanya tushike kalamu. Kichaa cha mbwa hakianzi kila mara kwa mbwa kukimbia ovyo na kung'ata kila anayekutana naye. Kuna kichaa cha kimya. Mbwa analegea, taya la chini linashuka, mate yanadondoka, anajaribu kumeza asiweze, sauti yake inabadilika. Yeyote atakayemtazama atasema: maskini, amekwamwa na mfupa! Na mwenye huruma kuliko wote katika nyumba, mara nyingi mtoto, atampanua mdomo na kuingiza vidole. Virusi vya kichaa vimo ndani ya mate hayo hayo. Si lazima mbwa ang'ate. Mate yakipata mkwaruzo kidoleni, au yakiruka machoni au kinywani, yanatosha.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe hili: je, kuna mtu aliyemwona akimeza mfupa? Kama mbwa alikuwa mzima dakika tano zilizopita, ana chanjo ya mwaka huu, na mmemwona akidaka ubavu wa mbuzi na papo hapo akaanza kupaliwa, hilo ni jambo la mfupa. Akiwa hapumui, ufizi ukigeuka wa buluu, mtu mzima mmoja amshike na mwingine atazame. Mfupa ukionekana waziwazi, uondolewe kwa koleo bila kuusukuma ndani zaidi. Mbwa mdogo aweza kuinuliwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Mkubwa husukumwa kwa nguvu chini ya mbavu, kuelekea mbele. Hata hapo mwenye mbwa ajue kwamba mnyama anayekosa pumzi hung'ata hata anayempenda.

Lakini kama mmeamka asubuhi mkamkuta anadondosha mate na hakuna aliyeona mfupa wowote, au siku mbili hizi tabia yake imebadilika, au hamkumbuki alichanjwa lini, msimguse kabisa. Waondoeni watoto na mifugo, fungeni mlango au geti alipo, mwiteni ofisa mifugo. Akifa, msimchune wala msimtupe mtoni. Ofisa mifugo ataelekeza namna ya kumzika, au ya kuchukua kipimo.

Na aliyekwisha kutia mkono? Aende kwenye bomba mara moja, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kwa saa. Dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyodhani. Wengi huacha baada ya moja. Baada ya hapo apake iodini kama ipo. Asipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Kisha siku hiyo hiyo aende hospitali, hata kama ni mkwaruzo tu. Pigeni simu kwanza muulize wapi chanjo ipo, maana haipatikani kila zahanati, na kupanda na kushuka mlima bure kunapoteza muda.

Chanjo hudungwa kwa siku maalum zinazohesabiwa tangu ile ya kwanza. Msikatishe katikati kwa kuwa kidonda kimepona. Vidonda vinavyotoa damu huhitaji pia dawa nyingine ya kinga inayodungwa kwenye kidonda chenyewe. Mama mjamzito na mtoto mchanga wanaruhusiwa kuchanjwa. Tunajua gharama yake inaumiza familia nyingi, na tumesikia wazee wakisema wangoje waone kama mbwa atakufa. Tunawasihi msingoje. Ni kweli mbwa aliyeng'ata akiwa hai na mzima baada ya siku 10 huondoa hofu, na daktari aweza kusimamisha chanjo, lakini inaanza wakati mnahesabu hizo siku. Kwa kawaida dalili kwa binadamu huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kutokea, pengine zaidi ya mwaka. Zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Muuguzi aliyewahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo akikataa kikombe cha maji kwa hofu haombi kuona mwingine.

Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, kwa makadirio ya wataalamu, wengi wao Asia na Afrika, na watoto ni sehemu kubwa. Hata hivyo unazuilika, na mfano upo hapa hapa nchini. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 ziliukata ugonjwa mwaka 2014. Ukaingia tena mwaka 2016, mbwa wakachanjwa upya, na kufikia 2018 ukakoma mara ya pili. Kinachotakiwa ni mbwa 70 kati ya kila 100 wawe wamechanjwa. Gari la mifugo likitangaza chanjo kijijini kwenu, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mpelekeni na yule anayelala nje ya kihamba ambaye kila mmoja anasema ni wa jirani. Vijana wenye nguvu wamfunge kamba, si watoto.

Na mifupa ya sikukuu? Kusanyeni kwenye ndoo yenye mfuniko wakati wageni bado wanakula, kisha chimbeni shimo refu chini ya migomba, mbali na pua ya mbwa. Yeye mpeni ugali uliochanganywa na mchuzi usio na vitunguu, kwani vitunguu pia vinamdhuru. Mapafu na maini yenye malengelenge ya maji, yale mnayoyaona mnapopasua mbuzi au kondoo, yasimfikie kabisa: yana tegu anayekua ndani ya mbwa na kurudi kwa watoto wanaocheza naye. Hayo nayo yafukiwe kwenye shimo hilo hilo.