Klasta ya seva zisizo na diski

Klasta ya seva zisizo na diski ni kundi la kompyuta zilizounganishwa ili zifanye kazi kama mfumo mmoja, ambamo kila kompyuta hupata mfumo wake wa uendeshaji kutoka hifadhi ya pamoja iliyoko kwenye mtandao badala ya kuusoma kutoka diski yake yenyewe. Kila kompyuta katika kundi hilo huitwa nodi. Nodi inapowashwa huwa haina chochote isipokuwa programu ndogo iliyomo kwenye bodi mama na kadi yake ya mtandao. Mengine yote huletwa kwa waya.

Mpangilio huu hutumika katika vituo vya kompyuta kuu za utafiti, katika vituo vya data vya makampuni na katika maabara za kompyuta za shule na vyuo. Faida yake kubwa ni kwamba mfumo mmoja hutunzwa mahali pamoja. Hatari yake kubwa ni kwamba kosa moja kwenye hifadhi hiyo laweza kusimamisha nodi zote, au kuharibu data bila mtu kutambua mapema.

Historia

Kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani ilitangaza mfumo wa VAXcluster mwaka 1983. Katika mfumo huo kompyuta kadhaa za VAX ziliweza kuwaka kutoka diski moja ya pamoja. Diski hiyo ilikuwa na saraka ya faili zinazotumiwa na wote, na saraka ndogo ya pekee kwa kila kompyuta. Wazo hilo la kutenganisha vya wote na vya mmoja bado linatumika.

Kampuni ya Sun Microsystems ilitengeneza NFS mwaka 1984, yaani protokali ya kusoma na kuandika faili zilizo kwenye kompyuta nyingine kana kwamba ziko hapo hapo. Sun iliuza pia kompyuta za mezani zisizo na diski, kwa kuwa diski zilikuwa ghali wakati huo.

Protokali ya BOOTP ilichapishwa mwaka 1985 ili kompyuta isiyo na diski iweze kujua anwani yake ya IP na jina la faili ya kuanzia. Mwaka 1993 ilifuatiwa na DHCP, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Intel ilitoa PXE, utaratibu ulioziwezesha kadi za mtandao za watengenezaji mbalimbali kuwaka kwa njia ileile. Mwaka 2004 ilichapishwa iSCSI, inayosafirisha amri za diski juu ya mtandao wa kawaida wa IP.

Hatua za kuwaka

Nodi inapowashwa hupitia hatua zifuatazo:

1. Kadi ya mtandao hutuma ombi la DHCP kwa kompyuta zote za mtandao wake, ikijitambulisha kwa anwani yake ya MAC yenye biti 48.
2. Seva ya DHCP hujibu kwa kuipa anwani ya IP, anwani ya seva yenye faili za kuanzia, na jina la faili ya kwanza.
3. Nodi hupakua faili hiyo, kwa kawaida kwa protokali ya TFTP. Faili hiyo ni programu ndogo ya kuanzishia.
4. Programu ya kuanzishia hupakua kiini cha mfumo wa uendeshaji pamoja na mfumo mdogo wa faili wa muda, na kuviweka kwenye kumbukumbu.
5. Kiini huanza kazi, huwasha tena mtandao kwa kutumia viendeshi vyake, kisha huunganisha hifadhi ya pamoja kama mzizi wa mfumo wa faili.
6. Huduma za kawaida huanza na nodi hujiunga na klasta.

TFTP ni rahisi lakini ni ya polepole. Kwa kawaida hutuma data kwa vipande vya baiti 512, na kila kipande husubiri jibu kabla ya kingine kutumwa. Kwa sababu hiyo wasimamizi wengi huitumia kupakua programu ya kuanzishia tu, kama vile iPXE, halafu faili kubwa huletwa kwa HTTP. Toleo la 2.5 la UEFI la mwaka 2015 liliruhusu kuwaka kwa HTTP moja kwa moja.

Aina za hifadhi ya pamoja

Kuna njia tatu zinazotumika zaidi.

Njia ya kwanza ni kushiriki faili. Seva moja hutoa saraka kwa NFS na nodi zote huitumia kama mzizi. Seva hiyo ndiyo inayosimamia diski, hivyo nodi haziwezi kugongana katika muundo wa diski yenyewe. Kwenye Linux, kiini hupewa maagizo kama haya:

root=/dev/nfs nfsroot=192.168.10.1:/srv/mzizi ip=dhcp ro

Neno "ro" mwishoni lina maana kwamba mzizi ni wa kusomwa tu.

Njia ya pili ni kushiriki diski. Nodi huona diski ya mbali kwa iSCSI au Fibre Channel kana kwamba imefungwa ndani yake. Mara nyingi kila nodi hutengewa sehemu yake ya kuwakia, na sehemu za pamoja huwa za data tu.

Njia ya tatu ni kupakia mfumo wote kwenye kumbukumbu. Nodi hupakua nakala nzima ya mfumo na baadaye haihitaji hifadhi ya mzizi tena. Programu ya Warewulf, inayotumika katika klasta za utafiti, hufuata njia hii. Hifadhi ikikatika, nodi zilizokwisha kuwaka huendelea na kazi, lakini sehemu ya kumbukumbu huwa imechukuliwa na mfumo.

Vitu vya pekee kwa kila nodi

Ingawa mfumo ni mmoja, kuna vitu ambavyo nodi mbili haziwezi kushiriki: jina la kompyuta, anwani ya IP, kitambulisho cha mashine, funguo za SSH za mashine, na kumbukumbu za matukio. Nodi mbili zenye kitambulisho kimoja zinaweza kupewa anwani moja na seva ya DHCP, na matokeo yake mawasiliano hukatika ovyo.

Njia ya kawaida ni kuacha mzizi uwe wa kusomwa tu, kisha kuweka juu yake tabaka la kuandikia lililo kwenye kumbukumbu. Linux ina OverlayFS kwa kazi hiyo tangu toleo la 3.18 la mwaka 2014. Nodi huona mfumo unaoandikika, lakini kila kilichoandikwa hupotea inapozimwa. Kwa hiyo kumbukumbu za matukio hutumwa kwenye seva nyingine wakati uleule zinapoandikwa. La sivyo, nodi ikianguka, ushahidi wa chanzo cha kuanguka hupotea pamoja nayo.

Hatari ya kuharibu data

Mifumo ya kawaida ya faili, kama vile ext4 na XFS, imetengenezwa kwa kuamini kwamba kompyuta moja tu ndiyo inayoandika kwenye diski. Kompyuta hiyo hukumbuka ni sehemu zipi za diski zilizo wazi. Nodi mbili zikiunganisha diski ileile kwa kuandika, kila moja huwa na kumbukumbu yake. Nodi ya kwanza huandika faili mahali palipo wazi. Nodi ya pili, isiyo na habari, huandika nyingine palepale. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea mara moja. Uharibifu huonekana baadaye, wakati mwingine baada ya nakala za akiba nazo kuchukua data iliyokwisha kuharibika.

Ili nodi nyingi ziandike kwenye diski moja, ni lazima kutumia mfumo wa faili wa klasta, kama GFS2 au OCFS2, ambayo yote mawili yaliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2006. Katika mifumo hiyo nodi huomba kufuli kabla ya kugusa sehemu ya diski, na nodi nyingine husubiri mpaka kufuli iachiliwe.

Akidi na kutenga nodi

Kufuli hutegemea mawasiliano. Mtandao ukikatika katikati, kila upande unaweza kudhani kwamba upande mwingine umekufa na kuanza kuandika peke yake. Ili kuzuia hali hiyo klasta hutumia akidi, kama ilivyo katika vikao: upande usio na zaidi ya nusu ya kura hauruhusiwi kuendelea. Klasta ya nodi 5 huhitaji kura 3. Klasta ya nodi 2 haiwezi kupata wingi baada ya kugawanyika, hivyo huongezewa kura ya tatu, kwa mfano diski ndogo maalumu.

Akidi peke yake haitoshi. Nodi iliyoganda inaweza kuzinduka baada ya dakika moja na kumalizia maandishi iliyokuwa imeyaanza, huku kufuli zake zikiwa zimekwisha kupewa nodi nyingine. Kwa hiyo nodi isiyojibu hutengwa kwanza: huzimwa umeme kwa nguvu kupitia IPMI, au hukatiwa njia ya kufikia hifadhi. Ni baada ya hapo tu kufuli zake hugawiwa wengine. Kuzima hatua hii kwa sababu inasumbua wakati wa majaribio ni kuacha data bila ulinzi.

Mtandao na mzigo wa kuwaka

Nodi zote zikiwashwa kwa pamoja, kwa mfano umeme unaporudi baada ya kukatika, hifadhi hupokea maombi mengi kwa wakati mmoja. Nodi 64 zinazopakua MB 500 kila moja huhitaji jumla ya GB 32. Kiunganishi cha gigabiti 1 kwa sekunde hakiwezi kupitisha zaidi ya MB 125 kwa sekunde, hivyo kazi hiyo huchukua zaidi ya dakika 4 hata kama kila kitu kinakwenda sawa. Baadhi ya nodi hukata tamaa kabla ya kupata jibu. Dawa yake ni kuwasha kwa mafungu, kuongeza kasi ya kiunganishi cha seva, au kuongeza seva.

Mpangilio wa kuwasha nao ni muhimu: swichi na hifadhi kwanza, kisha seva za DHCP na TFTP, mwisho nodi. Seva ya DHCP isiwekwe ndani ya nodi inayohitaji DHCP ili iwake.

Tatizo jingine la mara kwa mara hutoka kwenye swichi. Swichi inayotumia protokali ya kuzuia mizunguko inaweza kuchukua sekunde 30 kabla ya kufungua tundu, na kadi ya mtandao hukoma kuomba kabla ya hapo. Matundu ya nodi hupangwa yafunguke mara moja.

Usalama

DHCP na TFTP za kawaida hazithibitishi utambulisho. Nodi hukubali jibu la seva yoyote, hivyo mtu aliyechomeka kompyuta yake kwenye mtandao huo anaweza kuzipa nodi mfumo wa uendeshaji alioutengeneza mwenyewe. Pia, yeyote aliye kwenye mtandao anaweza kupakua faili za kuanzia na kuzisoma. Kwa sababu hiyo nywila na funguo za siri hazipaswi kuwekwa ndani yake. Mtandao wa kuwakia hutengwa na mitandao mingine, na swichi huwekewa kanuni ya kukataa majibu ya DHCP yasiyotoka kwenye tundu la seva halali.

Faida na mapungufu

Msimamizi husahihisha mfumo mara moja, na nodi zote hupata sahihisho zinapowashwa upya. Nodi iliyoharibika hubadilishwa kwa nyingine bila kusakinisha kitu. Hubadilishwa anwani ya MAC tu kwenye seva ya DHCP. Toleo jipya likileta matatizo, nodi hurudishwa kwenye nakala ya zamani, mradi nakala hiyo haikufutwa.

Kwa upande mwingine, sahihisho baya hufika kwa nodi zote kwa wepesi uleule. Kwa hiyo nakala mpya hujaribiwa kwanza kwenye nodi moja au mbili. Vilevile hifadhi moja ni sehemu moja ya kuangukia. Klasta isiyoruhusiwa kusimama huhitaji hifadhi mbili zinazonakiliana, swichi mbili na njia mbili za waya kwa kila nodi. Gharama hiyo hupunguza akiba iliyopatikana kwa kutonunua diski.